Ulikula Nini, Saa Ngapi?

Leo naanza na kosa langu mwenyewe, kabla sijamgusa mtu mwingine.

Miaka kadhaa iliyopita mama watoto alikuwa amelazwa katika hospitali moja. Uchungu ulianza asubuhi, jua likatua, na mtoto hakuonyesha haraka yoyote. Saa nne usiku nikapenya hadi kitandani kwake na chupa ya chai ya maziwa, chapati mbili na bakuli la ndengu. Chapati zilitoka nyumbani zikiwa tatu, lakini moja ilibaki kwa mlinzi wa lango. Mama watoto akala, akashiba, akanishukuru. Nikatoka nje kifua mbele, nikijiona mume wa kupigiwa mfano.

Saa nane usiku nikaitwa. Mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa yanashuka, mama aende thieta sasa hivi. Tulipofika mlangoni, mimi nimeshika upande mmoja wa machela, akatoka kijana mmoja mwenye kofia ya kijani. Akamshika mama watoto mkono, akajitambulisha kuwa ndiye wa dawa ya usingizi, akauliza: "Mama, umekula nini leo, na saa ngapi?"

Mama watoto akanitazama. Kando yetu alisimama sista wa zamu, yule yule aliyetuonya mchana kuhusu chakula. "Sijala kitu, daktari," akasema.

Kijana hakubisha. Aligeuza macho akanitazama mimi, kisha akaitazama ile chupa niliyokuwa bado nimeikumbatia. "Na hiyo chupa, baba, ni ya nani?"

Nimekuwa nikilifikiria swali hilo tangu siku ile. Tulidanganya, na hatukudanganya kwa ubaya. Tulidanganya kwa sababu swali liliulizwa usiku wa manane, mbele ya mtu tuliyemwogopa, wakati hakuna yeyote kati yetu aliyejua kwa nini linaulizwa. Tulidhani ni nidhamu ya hospitali, kama kuvua viatu mlangoni. Kumbe lilikuwa swali la uhai na mauti.

Mwaka 1946 daktari wa uzazi huko New York, Curtis Mendelson, alichapisha hesabu yake. Alikuwa amechunguza uzazi 44,016 uliofanyika hospitalini kwake kati ya 1932 na 1945, akakuta kina mama 66 ambao, wakiwa wamelazwa kwa dawa, yaliyokuwa tumboni yalipanda kooni yakaingia mapafuni. Wengine walivuta vipande vya chakula. Wengi walivuta maji ya tumbo peke yake, na hayo ndiyo yaliyomshughulisha zaidi, kwa maana tindikali ya tumbo huchoma mapafu. Alipoijaribu kwa sungura, mapafu ya sungura yakaharibika vile vile. Madaktari mpaka leo wanauita ugonjwa huo kwa jina lake.

Sasa mbona iwe hatari hasa kwa mjamzito? Mimba hulegeza ule mshipi unaofunga mdomo wa tumbo. Mama yeyote aliyeteswa na kiungulia katika miezi ya mwisho anaujua mlegeo huo bila kusomea udaktari. Mtoto naye anakua, analisukuma tumbo juu. Uchungu unapoanza, tumbo hupunguza kazi, na chapati iliyoliwa saa nne inaweza kuwa bado iko pale pale saa kumi. Mtu akiwa macho, chakula kikipanda atakohoa au atakitema. Akishalazwa usingizi wa dawa, kikohozi hicho hakipo.

Hapo ndipo chai yetu ya maziwa inapoingia. Sisi watu wa Thika hatuhesabu chai kuwa chakula. Ukimuuliza mama wa mtaa wa Kamenu kama amekula, atakwambia hapana, nimekunywa chai tu. Lakini katika hesabu ya daktari wa usingizi, maziwa ni chakula. Yakifika tumboni yanaganda, na hukaa saa nyingi. Kwa upasuaji uliopangwa, kanuni ya kawaida ni saa sita bila chakula, maziwa yakiwemo, na saa mbili bila hata maji. Uji uko upande wa chakula. Turungi, ile chai kavu isiyo na maziwa, iko upande wa maji. Zote mbili, ya maziwa na turungi, tunaziita chai, na tofauti yake ni saa nne nzima. Nani aliwahi kukueleza hivyo kliniki?

Kuuliza kwa daktari wa usingizi hakuishii kwenye chakula. Atakwambia ufungue mdomo na kutoa ulimi, na wengi hudhani anatafuta vidonda vya koo. Anapima njia ya mpira wa kukupumulia ukishalazwa kabisa. Mwaka 1985 daktari mzaliwa wa India, Seshagiri Mallampati, aliyefanya kazi Boston, alichapisha kipimo rahisi: ukiona nyuma ya koo vizuri, mpira wa hewa huenda ukapita kwa urahisi, ukiona ulimi mtupu, jiandae kwa shida. Kwa mjamzito kipimo hiki kina uzito wa pekee, kwa kuwa mimba huvimbisha hata koo, na mama mwenye kifafa cha mimba huvimba zaidi. Kushindwa kuupitisha mpira huo humpata mama mjamzito mmoja katika kila mia nne hivi, kiwango kinachozidi mara kadhaa kile cha wagonjwa wa kawaida. Na muda ni mfupi. Mapafu yamebanwa kutoka chini, mwili unatumia oksijeni nyingi kwa ajili ya watu wawili, basi pumzi ikikatika, akiba inaisha upesi.

Ndiyo maana anauliza juu ya meno yanayocheza na meno ya bandia. Ndiyo maana anakwambia utoe rangi ya kucha. Dada zangu, najua zile kucha za jeli mnavyozigharamia mjini Thika, lakini kile kibanio kidogo kinachovishwa kidoleni husoma oksijeni ya damu kwa kupitisha mwanga, na rangi nzito inaweza kukipotosha. Acha japo kidole kimoja kitupu. Wenzetu wa pwani wenye hina na piko wana shida hiyo hiyo.

Kisha anauliza juu ya damu, na hapa nataka tukae kidogo. Ukipita soko lolote la huku kwetu utaona mafungu ya odowa, yale mawe laini, yamepangwa kando ya nyanya na vitunguu. Wanunuzi wengi ni wajawazito. Sitaki kumcheka mtu. Hamu ya udongo ni hamu ya kweli, na mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua. Balaa ni kwamba udongo wenyewe huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, kwa hiyo anayekula odowa kwa sababu damu ni kidogo anaipunguza tena. Upasuaji wa uzazi humwaga damu nyingi hata ukienda salama, nusu lita hadi lita moja. Mwenye damu ya kutosha ataivumilia hasara hiyo. Aliyeingia thieta akiwa na damu kidogo anaweza kuporomoka kwa kiasi ambacho mwenzake asingekihisi. Vidonge vyekundu vya kliniki, ambavyo wengi tunavificha chini ya godoro kwa sababu vinafunga choo, ni maandalizi ya upasuaji ambao hujui kama utakupata.

Maswali mengine nitayapitia haraka. Presha, sukari, pumu. Moyo, hasa kwa mtu aliyeugua homa ya koo na viungo utotoni bila matibabu, kwa sababu homa ile huharibu milango ya moyo polepole, na mimba ndiyo huja kuifichua. Sindano za kuzuia damu kuganda: mama akidungwa kipimo cha kawaida cha kinga leo jioni, sindano ya ganzi ya mgongo inapaswa kungoja saa kumi na mbili, la sivyo damu inaweza kuvujia kwenye uti wa mgongo. Kama uliwahi kupasuliwa, ilikuwaje? Je, kuna ndugu wa damu aliyepewa dawa ya usingizi akashindwa kuamka, au akapata joto kali la ghafla? Swali hili la mwisho huwashangaza watu, lakini kuna hitilafu zinazorithiwa kimyakimya na hazina dalili yoyote hadi siku ya dawa.

Na mitishamba. Hapa uongo ni mwingi kuliko kwenye chapati, kwa sababu aliyeleta chupa ya majani ya kuongeza uchungu mara nyingi ni mama mkwe, naye yuko pale pale kwenye benchi. Ni mke gani wa nyumba mpya atakayemtaja mama mkwe wake mbele ya daktari? Kwa maoni yangu, swali la mitishamba likiulizwa mbele ya jamaa halijaulizwa kabisa. Mama aulizwe akiwa peke yake.

Kuna jambo linalowatisha wanawake wengi kuliko yote niliyoyataja: sindano ya mgongo. Mtaani wanasema itakuacha na maumivu ya mgongo maisha yote. Ukweli ni kwamba maumivu ya mgongo ni rafiki wa kila mzazi, aliyepasuliwa na asiyepasuliwa, na uchunguzi haujaonyesha kwamba sindano hii ndiyo inayoleta yale yanayodumu miaka. Inachoweza kuleta ni kuumwa kichwa siku chache baadaye, maumivu yanayozidi ukiketi na kupungua ukilala, na hayo yana tiba. Sindano hiyo ilijaribiwa na daktari August Bier huko Kiel, Ujerumani, mwaka 1898, naye akakubali msaidizi wake amdunge yeye mwenyewe. Kichwa kikamuuma siku kadhaa. Angalau hatuwezi kumlaumu kwamba alificha madhara yake.

Kiswahili nacho kimechangia hofu. Usingizi wa dawa tunauita nusukaputi, nusu ya kufa. Mwambie mama mwenye uchungu kwamba anakwenda kupewa nusu ya kifo, kisha ushangae akikataa kutia sahihi! Lakini neno hilo halikukosea sana. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 na kundi la mtafiti Soha Sobhy, uliokusanya tafiti kutoka nchi za kipato cha chini na cha kati, ulikuta kwamba usingizi kamili uliambatana na hatari ya mama kufa karibu mara tatu ikilinganishwa na ganzi ya mgongo. Kati ya vifo vilivyofuata upasuaji wa uzazi, karibu kimoja katika kila saba kilitokana na dawa yenyewe ya usingizi au ganzi. Miaka mitatu baadaye utafiti mwingine, uliofanywa katika nchi 22 za Afrika, ukaonyesha kwamba mama anayezaa kwa upasuaji barani mwetu alikuwa na hatari ya kufa takriban mara hamsini ya mwenzake wa nchi tajiri. Akina mama hao wa Afrika hawakuwa wazee wala wagonjwa mahututi. Wengi waliingia thieta kwa dharura.

Neno dharura ndilo ninalotaka mlibebe kutoka mazungumzo haya. Katika dharura hakuna kungoja saa sita. Mtoto akichoka tumboni, thieta inafunguliwa hata kama mama amemaliza sahani ya pilau. Kinachobadilika ni namna ya kumlinda. Akisema kweli, atapewa ile dawa ya maji yenye uchachu na chumvi ya kuvunja makali ya tindikali, watapendelea ganzi ya mgongo ikiwezekana, na ikibidi alale kabisa, watamlaza kwa utaratibu wa haraka huku koo likilindwa. Akidanganya, vyote hivyo vinaweza kurukwa. Kwa hiyo jibu la kweli halimnyimi mama upasuaji, jambo ambalo wengi huliogopa.

Nitoke kidogo nje ya Thika. Mwaka 1879 Mwingereza aliyekuwa akisomea udaktari, Robert Felkin, alishuhudia upasuaji wa uzazi mahali paitwapo Kahura, katika Uganda ya leo. Maelezo yake yalichapishwa Edinburgh mwaka 1884. Mganga alimpa mama mvinyo wa ndizi hadi akawa nusu mlevi, akanawia mvinyo huo huo mikono na tumbo la mama, akapasua, akazuia damu kwa chuma cha moto, akafunga jeraha kwa vijiti vya chuma na uzi wa gome la mti. Siku ya kumi na moja jeraha lilikuwa limepona, mama na mtoto wazima. Ninaposoma habari hiyo najiuliza ni maswali gani mganga yule alimuuliza mama kabla ya kumpa kikombe cha kwanza. Nadhani mtu mwenye utaalamu wa kiasi kile hakukosa kuuliza. Felkin hakutuandikia.

Turudi nyumbani. Tangu serikali ya Kenya ilipofuta ada ya kuzaa katika hospitali za umma, Juni 2013, akina mama wengi zaidi wanazalia hospitalini, na upasuaji nao umeongezeka. Takwimu za kitaifa zilionyesha watoto 9 katika kila 100 wakizaliwa kwa njia hiyo mwaka 2014. Kufikia 2022 walikuwa 17. Hao ni karibu mmoja katika kila sita. Mama wa Kamenu, au jirani yake wa Landless au Makongeni, anayeingia kliniki leo akiwa na mimba ya miezi mitatu, hawezi tena kusema upasuaji ni jambo la watu wengine.

Lakini wa kumuuliza maswali ni wachache. Shirikisho la dunia la madaktari wa usingizi linapendekeza angalau madaktari watano kwa kila watu 100,000, nasi hatujakaribia hapo. Kazi kubwa inafanywa na maafisa wa kliniki na wauguzi waliosomea usingizi, wakiwemo wanaofunzwa Kijabe, humu humu kaunti yetu ya Kiambu. Mmoja wao akiwa zamu usiku, na thieta ina foleni, ana dakika chache za kuzungumza na kila mama. Ndiyo sababu sipendi kumlaumu yule kijana wa kofia ya kijani, wala sista wangu wa zamu. Namlaumu aliyepanga kwamba mazungumzo haya yaanzie mlangoni pa thieta.

Mahali pake ni kliniki. Mama anakwenda pale mara nne, mara tano, akiwa na akili zake timamu, anapimwa uzito, presha, mkojo, damu. Ana kitabu cha kliniki mkononi. Muuguzi wa kliniki hahitaji kuwa mtaalamu wa usingizi ili aulize kama uliwahi kupasuliwa, kama una pumu, kama nyumbani kuna aliyepata shida na dawa ya usingizi, kisha aandike. Akiona jambo la kutia shaka, moyo, mgongo uliopinda, uzito mkubwa, shingo isiyogeuka, amtume mama hospitali kubwa aonane na mtu wa usingizi mchana, wiki kadhaa kabla ya siku. Wahudumu wa afya ya jamii, waliopewa mikoba na mashine za presha mwaka 2023, wanaweza kuuliza mlangoni kwa mtu. Kati ya 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilipoijaribu orodha yake ya maswali ya wakati wa upasuaji katika miji minane, mmoja ulikuwa Ifakara, Tanzania, ukiwa sambamba na London na Toronto. Kwa jumla ya miji hiyo vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hakuna dawa mpya iliyoongezwa. Watu walisimama wakaulizana.

Mnataka kujua mimi nilijibu nini. Nilisema, "Ni yangu, daktari. Alikunywa chai ya maziwa na kula chapati mbili saa nne." Sista akanikata jicho ambalo bado nalihisi mgongoni. Kijana akasema ahsante, akaagiza ile dawa ya uchachu, akasukuma mto chini ya nyonga ya kulia ya mama watoto ili mimba isiukandamize mshipa mkubwa wa damu, wakaingia. Alidungwa ya mgongo. Dakika arobaini baadaye nilisikia sauti ya mtoto.

Basi, mama, fungua kitabu chako cha kliniki usiku huu. Nyuma kabisa, mahali palipo wazi, andika upasuaji uliowahi kufanyiwa, dawa unazotumia na zinazokudhuru, na ugonjwa wowote wa moyo au pumzi. Ziara ijayo mwonyeshe muuguzi. Nawe mume wa Kamenu unayepanga kubeba chupa kwenda wodini leo jioni, muulize sista kwanza. Akikuruhusu kuleta chai, weka turungi.